Bure si Huria: Nani Analipia Programu za Kompyuta ya Nyumbani?



Lugha yetu ina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja tu. Cha bure ni kile usichokilipia. Kilicho huria ni kile kisichofungwa: unaweza kukitazama ndani, kukitumia upendavyo, kukirekebisha na kumpa mwenzako bila kuomba ruhusa. Kila anayesikia "soko huria" kwenye taarifa ya habari anajua kwamba hapo hagawiwi mtu nyanya bila pesa. Kiingereza husema "free" kwa yote mawili. Ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kuanzisha wakfu wa programu huria mwaka 1985, amelazimika kwa miaka mingi kueleza kwamba anachodai ni uhuru, wala hazungumzii bei. Angekuwa anazungumza na Waswahili, neno moja lingemtosha.

Tunaanza na lugha kwa sababu kwetu nyumbani maneno haya mawili tunayo, ila hatuyatumii. Mtu akisema "nimepata programu ya bure", mazungumzo yanaishia hapo, na kinachofuata ni kubofya. Tunasahau kwamba neno "bure" lina maana nyingine, ile ya kazi bure, maneno ya bure, kuhangaika bure. Neno lenyewe linatuonya.

Hoja yetu ni hii. Programu yoyote isiyotozwa pesa, na ambayo haiwezi kutueleza waziwazi gharama zake zinalipwa na nani, isiingie kwenye kompyuta ya nyumbani. Na wa kuuliza swali hilo ni sisi, wanafunzi wa umri wetu, kwa sababu katika familia nyingi za wanachama wa klabu hii sisi ndio tunaoitwa kompyuta ikigoma.

Tunaposema kompyuta ya nyumbani tunamaanisha ile laptopu moja ya sebuleni ambayo kila mtu anaijua nywila yake. Hapa Uingereza laptopu hiyo ndiyo ofisi ya familia nzima. Mama anatuma pesa Mombasa kupitia kompyuta hiyo hiyo ambayo mdogo wetu anapakulia michezo. Baba anajaza fomu za kodi humo, na shangazi akija Jumapili anafungulia barua pepe yake humo humo. Kadi nyingi za ukaazi ziliandikwa kwamba zinaisha tarehe 31 Desemba 2024, na nafasi yake imechukuliwa na eVisa. Kwa hiyo leo uthibitisho wa haki ya mtu kuishi na kufanya kazi hapa unafunguliwa kwa akaunti ya mtandaoni, na akaunti hufunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu. Ongeza picha za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na barua za mwanasheria zilizolala kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Anayesema "sisi hatuna cha kuibiwa" hajaifungua folda hiyo siku nyingi. Mwizi wa siku hizi haibebi laptopu. Anaiacha pale pale mezani, anachukua kilichomo, na wenye nyumba hawajui mpaka mtu mwingine atakapokuwa ameshatumia jina lao.

Tukiuliza nani analipa, programu zisizotozwa pesa zinagawanyika katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni bure ya wizi. Hizi ni programu za kuuzwa zilizovunjwa kufuli, zile tunazoziita za kukraki, zinazotembea kwenye flashi kutoka kwa binamu hadi kwa jirani. Tunajua zilivyoingia: bei ya programu halali ilikuwa kubwa kuliko uwezo, na kazi ilitakiwa kesho. Hatuko hapa kumhukumu mzazi yeyote. Lakini hebu tutazame jinsi zinavyosakinishwa. Maelekezo ya krak nyingi yanaanza kwa kukutaka uizime kwanza programu ya kuzuia virusi. Ni kama mgeni anayebisha hodi usiku na kuomba mbwa afungwe kabla hajaingia. Huenda ana nia njema, lakini huwezi tena kujua. Aliyevunja kufuli hakupata mshahara kwa kazi yake, naye si mtu wa kutoa sadaka kwa asiowajua. Malipo yake anayachukua mwenyewe baadaye, kutoka ndani ya kompyuta yako.

Fungu la pili ni bure ya chambo. Hapa hakuna wizi wa leseni, na kampuni inaweza kuwa na jina kubwa na nembo ya kuvutia. Unapewa programu ili upatikane wewe: macho yako kwa matangazo, au habari zako kwa wanunuzi. Mfano unaojulikana ni Avast, programu ya kuzuia virusi ambayo toleo lake la bure limetumiwa na mamilioni ya watu. Kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, habari za tovuti ambazo watumiaji walizitembelea zilikusanywa na kuuzwa. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5. Mlinzi aliyewekwa mlangoni alikuwa akiandika kila anayeingia na anayetoka, kisha akiiuza orodha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Chambo huweza kuwekwa pia juu ya kitu kizuri. GIMP ni programu huria ya kuhariri picha, na kwa miaka mingi ilipatikana kwenye tovuti ya SourceForge. Mwaka 2015 ilibainika kwamba tovuti hiyo ilikuwa ikiwapa watu wa Windows GIMP iliyofungashwa pamoja na matangazo na programu za wengine, bila ridhaa ya waliotengeneza GIMP. Tovuti hiyo baadaye ilipata wamiliki wapya na mtindo huo ukakomeshwa mwaka 2016, lakini somo limebaki: programu yenyewe kuwa safi haitoshi. Ni lazima ujue umeipokea kwa mkono wa nani. Mwezi Desemba 2022 hata FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba wahalifu wanalipia matangazo yanayotokea juu kabisa ya matokeo ya utafutaji, wakijifanya ni kampuni halisi, ili mtu apakue programu zenye virusi au aandike nywila zake. Katika ushauri wao walitaja kutumia kiendelezi cha kuzuia matangazo. Kwa hiyo anayetafuta jina la programu na kubofya kiungo cha kwanza anaweza kuwa anabofya tangazo la mwizi.

Fungu la tatu ni bure iliyokwishalipiwa, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Ukinunua kompyuta ya Windows, ndani ya bei yake umekwishalipia mambo mengi. Microsoft Defender, kinga ya virusi, imo tayari katika Windows 10 na 11, na hujisasisha yenyewe. Windows hufungua mafaili ya zip bila kuhitaji programu nyingine, na ina sehemu yake ya kusafisha mafaili yasiyohitajika. Hata hivyo tunaona laptopu zenye kinga za virusi mbili au tatu juu ya Defender, kila moja ikirusha onyo jekundu la kutisha ili ununue toleo la kulipia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa familia ya kawaida, Defender iliyowashwa na Windows inayosasishwa ni mbachao mzuri, na hakuna haja ya kuupanga foleni msala wa mtu mwingine.

Katika fungu hili tuweke pia programu ambazo vyuo hutupa sisi wanafunzi. Ni halali, nasi tunazitumia. Ila tukumbuke kwamba leseni ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, na kwa kawaida hukoma akihitimu. Kazi za mama za chama cha kina mama hazifai kutegemea akaunti itakayofungwa siku tukivaa joho.

Fungu la nne ni bure iliyo huria. Hapa msimbo wa programu uko wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma, na leseni inaruhusu kuitumia na kuigawa. Ukiuliza nani analipa, unajibiwa. LibreOffice, inayoandika barua, majedwali na maonyesho ya slaidi, inasimamiwa na wakfu wa The Document Foundation wa Ujerumani. Inaendeshwa kwa michango ya watumiaji, kazi ya wanaojitolea na wahandisi wa kampuni zinazouza huduma kwa ofisi kubwa. Ilizaliwa mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice.org. VLC, ile yenye picha ya koni ya barabarani, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, vijana wa umri wetu, na leo inacheza karibu kila aina ya video bila kukuonyesha tangazo hata moja. Kivinjari cha Firefox ni cha Mozilla, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google kwa kuiweka kama mtambo wa kutafutia. Mtu anaweza asiupende mpango huo, lakini umetangazwa, na unaweza kuubadilisha mtambo huo kwa kubofya mara chache. Huo ndio uwazi tunaoudai.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki. Kama msimbo uko wazi kwa wote, si uko wazi kwa wezi pia? Jibu letu si kwamba programu huria hazishambuliwi. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kama mchangiaji wa kujitolea, alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika Linux. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kumekuwa kwa kusuasua, nusu sekunde hivi zaidi ya kawaida, akaamua kuchimba sababu. Aliweza kuchimba kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kumzuia. Mlango ule ulifungwa kabla haujasambaa kwa watumiaji wengi.

Linganisheni na CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta ambayo haiko huria. Mwaka 2017 wadukuzi waliingiza virusi ndani ya toleo lake rasmi, likapakuliwa kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, likiwa na sahihi halali ya kampuni. Lilikaa hewani karibu mwezi mzima, na kampuni ikakadiria kwamba watumiaji milioni 2.27 waliliweka. Watu hao walifuata kanuni zote za kupakua. Kosa halikuwa lao. Lakini wengi wao hawakuihitaji programu hiyo, kwa kuwa usafi wa kawaida Windows huufanya yenyewe. Hapo tunapata kanuni inayozitangulia nyingine zote: programu isiyokuwepo haiwezi kudukuliwa. Kabla ya kuuliza ipi ni bora, tuulize kama tunaihitaji.

Kwa msingi huo, kabla ya kusakinisha chochote nyumbani, tunapendekeza maswali manne, na tunayaandika kwa namna ambayo mzazi anaweza kuyauliza mwenyewe. Kwanza, kazi hii kompyuta haiwezi kuifanya kwa kile kilichomo tayari? Pili, nani anaitengeneza, na anakula wapi? Tatu, hapa ninapopakua ni kwake mwenyewe, au ni dukani kwa mtu wa kati? Jibu la tatu tulipate kwa kuandika anwani ya tovuti sisi wenyewe, au kwa kutumia duka la programu lililomo ndani ya kompyuta tukihakikisha jina la mtengenezaji, wala si kwa kubofya tangazo. Nne, toleo la mwisho lilitoka lini? Programu isiyoguswa kwa miaka mingi ni nyumba isiyo na mwenyewe, hata kama aliyeijenga alikuwa mtu mwema.

Tukiyatumia maswali hayo, orodha inayobaki ni fupi, nasi tunaona ufupi wake ni sifa. Tumia Defender kwa kinga ya virusi. Kwa intaneti, tumia Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin, ambacho mwandishi wake, Raymond Hill, hapokei hata michango. Angalieni jina lote, kwa sababu kuna kingine kinachoitwa uBlock bila neno la pili, na hicho ni cha watu wengine. Kwa maandishi, LibreOffice. Kwa video na muziki, VLC. Kwa nywila, chagua kati ya KeePassXC, inayozihifadhi kwenye faili moja lililofungwa ndani ya kompyuta yako, na Bitwarden, ambayo huduma yake ya bure inabebwa na kampuni na watu wanaolipia ile kubwa. Kwa familia yenye simu nyingi, Bitwarden ni rahisi zaidi. Vyovyote iwavyo, zote mbili zinashinda daftari lililo juu ya friji na nywila moja inayofungua benki, barua pepe na eVisa.

Orodha hiyo haitafaa kitu bila tabia mbili, nazo pia hazilipiwi. Ya kwanza ni kusasisha. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi, na hapa kilivuruga theluthi moja hivi ya taasisi za NHS za England, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Ile arifa ya "sasisha sasa" ambayo nyumbani tunaiahirisha kila usiku ndiyo iliyoahirishwa huko pia.

Ya pili ni nakala za akiba. Hamadi kibindoni, silaha mkononi. Diski ya nje, ikachomekwa mara moja kwa wiki, ikanakiliwa picha na hati za familia, kisha ikachomolewa na kuwekwa kabatini. Kuchomoa ni sehemu ya kazi, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili hufunga pia kila diski kilichoikuta imechomekwa.

Lipo suala jingine lisilosubiri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Anayejiandikisha anaweza kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, baada ya hapo kompyuta itawaka kama kawaida lakini matundu mapya hayatazibwa. Nyingi za laptopu za majumbani kwetu ni za mkono wa pili, na Windows 11 inazikataa kwa sababu prosesa yake ni ya zamani au hazina chipu ya TPM 2.0. Familia zitaambiwa zinunue mpya. Wengine watapewa flashi yenye Windows ya kukraki, nasi tumeshasema tunayafikiria vipi hayo.

Hapa programu huria inatoa njia ya tatu. Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yenye memori ya GB 4, na imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu, kwa Kizulu na Kixhosa, ni kile kile ambacho sisi tunakiita utu. Kwa kompyuta inayotumiwa kwa intaneti, barua na video, Mint inatosha, na Firefox na LibreOffice huja nayo.

Lakini hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu wanaopenda sana kompyuta. Wao wanasema kila nyumba ihamie Linux leo. Sisi tunasema usimwekee bibi Linux kisha ukapanda treni kurudi chuoni. Kabla ya kuhama, jaribuni Mint kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Printa ijaribiwe, na programu ya mikutano ya video ambayo bibi huongea nayo na Zanzibar ijaribiwe pia. Na awepo mtu wa karibu wa kuulizwa. Usalama unaomfanya mtu aogope kuigusa kompyuta yake humrudisha kwenye simu ya jirani, na huko hakuna usalama wowote.

Tumetaja mtu wa kuulizwa, na neno hilo linaturudisha kwenye klabu yetu. Maonyo mengi ya usalama huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Dirisha linatokea, limejaa maneno, lina vitufe viwili, na mzazi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu anabofya kile chenye rangi ya kung'aa. Hakuwa mzembe. Aliulizwa swali kwa lugha ambayo hakuzoea kujibia. Tunaamini hili ni jambo la lugha kama lilivyo la ufundi, na klabu ya Kiswahili haina haki ya kulikwepa.

Wala hatutakuwa wa kwanza kulifanya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kumpigia magoti mwenye programu, kwa sababu ilikuwa huria: waliotaka iongee Kiswahili waliifanya iongee. Hadi leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Kila mmoja wetu aliyewahi kuandika insha ya darasa la Kiswahili huku kompyuta ikipigia kila neno mstari mwekundu, kana kwamba ukurasa mzima ni kosa, anajua maana ya jambo hilo. Programu ya kufungwa huongea Kiswahili mwenyewe akiona kuna faida. Programu huria huongea Kiswahili Waswahili wakiamua.

Kwa hiyo tuna maombi matatu, nasi tuko tayari kuyafanyia kazi.

La kwanza ni kwa klabu. Tutenge jioni moja kila muhula, badala ya filamu, iwe jioni ya kompyuta za nyumbani. Mwanachama aje na laptopu ya familia, kwa idhini ya wenyewe. Tuondoe yasiyohitajika, tusasishe, tuweke nakala za akiba, tuzikague zile zenye Windows 10 na tuamue hatima yake kabla ya Oktoba. Asiruhusiwe mtu kufungua mafaili ya familia ya mwenzake, na mwenye kompyuta akae kando yake mwanzo hadi mwisho.

La pili ni kwa wanachama wote. Tuandike ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida wenye yale maswali manne na ile orodha fupi, uchapishwe kwa herufi kubwa, ubandikwe karibu na kompyuta. Tutabishana juu ya maneno, na ni vizuri: tuseme nywila au nenosiri, kusakinisha au kuweka? Kipimo kiwe kimoja. Shangazi akisoma, aelewe bila kutupigia simu.

La tatu ni kwa walimu wetu, kwa heshima. Tunaomba kazi zetu zipokelewe kwa muundo wa ODT, ambao ni wa LibreOffice na ambao Word pia huufungua, au kwa PDF. Mwanafunzi asiye na leseni asilazimike kuitafuta ya kukraki ili tu faili lake lifunguke ofisini kwa mwalimu. Hakuna mwalimu aliyekusudia hivyo, lakini sharti la muundo mmoja tu ndiko linakosukuma.

Hatusemi kila kinacholipiwa ni kibaya, wala kila kilicho huria ni kitakatifu. Tunasema kila kitu kina gharama, na aliyeilipa ana kauli juu ya kitu hicho. Kama ni mchango wa maelfu ya watu, sawa. Kama ni bei ya kompyuta tuliyokwishatoa, sawa. Kama mlipaji hajulikani, basi huenda ni mama yetu, na huenda analipa kwa pasipoti yake. Tumuulizie kabla hajabofya.